Picha zina mistari myekundu? Badili sponji za kamera yako mwenyewe

"Kaka, nimepewa kamera ya marehemu babu. Nimeweka filamu, nimepiga, picha zote zina mstari mwekundu pembeni. Ndiyo imekufa?"

Haijakufa. Swali hili linakuja kila mara kwa maneno tofauti, kutoka Chuno, Magomeni na Mikindani za Mtwara, mpaka Lindi mjini, na mara nyingi ugonjwa ni uleule. Kamera ikiwa haina filamu ndani, fungua mlango wake wa nyuma, pitisha ncha ya kijiti kwenye kifereji ambamo ukingo wa mlango unaingia. Kijiti kikitoka na kitu cheusi kinachonata kama lami, usiendelee kutafuta. Hayo ndiyo mabaki ya sponji iliyokuwa inazuia mwanga.

Kamera za Kijapani za miaka ya 1970 na 1980, kama Canon AE-1, Pentax K1000, Nikon FM, Olympus OM-1 na Yashica FX-3, zilitoka kiwandani na vipande vya sponji nyeusi ya poliyurethani mlangoni na juu ya kioo cha ndani. Sponji hiyo huvunjwavunjwa na unyevu na joto, na pwani yetu ina vyote viwili. Haijalishi kamera ilitumika au ilikaa kabatini. Hata iliyokaa Newala, kwenye ubaridi wa juu, nayo itafika huko huko, inachelewa tu.

Nadharia inatosha hapo. Kabla hujaanza, shika mambo mawili. La kwanza, wengi wanadhani kazi hii ni ya kubandika. Ni kazi ya kusafisha. Ukisafisha vizuri, kubandika ni jambo la dakika chache. Ukisafisha vibaya, hata sponji ya gharama kubwa itabanduka. La pili, kwa sisi tunaoishi pwani, sishauri kurudisha sponji kila mahali ilipokuwa. Kwenye vifereji weka uzi, kwenye bawaba weka mahameli. Vitu hivyo haviyeyuki kwa unyevu. Sponji ibaki pale tu inapohitajika kweli, yaani kwenye kioo.

Utakavyohitaji

Karibu vyote vinapatikana sokoni Mtwara au Lindi bila kuagiza Dar.

- Vijiti vya meno na vijiti vya mishikaki. Hivi ndivyo vifaa vyako vikuu. Mbao haikwaruzi chuma wala rangi.
- Pamba za masikio, nyingi kuliko unavyodhani.
- Spiriti. Nzuri zaidi ni aisopropili, ile wanayosafishia saketi mafundi simu. Fundi anaweza kukugawia kidogo kwenye kichupa. Spiriti ya duka la dawa inafaa pia, lakini ipime kwanza: dondosha tone moja kwenye kioo safi, liache likauke. Likiacha alama ya mafuta, tafuta nyingine.
- Uzi mweusi wa kufumia, ule wa sweta na vitambaa vya makochi. Chagua uliosokotwa ukakaza, usiomwaga nyuzinyuzi. Usugue kwa pamba nyeupe yenye maji. Ukitoa rangi, uache dukani.
- Utepe mweusi wa mahameli kutoka maduka ya vifaa vya ushonaji. Kipande cha sentimita 20 kinatosha kamera zaidi ya moja.
- Sponji nyeusi laini, nyembamba, ya milimita 2 hadi 3. Zile sponji za kuvika spika za hedifoni zinafaa sana.
- Tepu nyembamba ya pande mbili, na tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi.
- Wembe mpya, rula ya chuma, kibano, karatasi ngumu ya manila.
- Pampu ndogo ya mpira ya kunyonyea kamasi za mtoto, inauzwa duka la dawa. Hiyo itakupulizia vumbi bila mate.
- Tochi ndogo, ya ukubwa wa kidole.

Ukitaka, kuna seti za sponji zilizokatwa tayari kwa kila modeli, zinaagizwa nje. Ni nzuri, lakini mzigo unaweza kuchelewa, na sponji nyingine ni za aina ileile itakayooza tena.

Visivyotakiwa mezani: asetoni na thina, kwa sababu vinayeyusha plastiki na rangi, mafuta ya taa, kwa sababu yanaacha mafuta ambayo gundi haishiki juu yake, na supaglu, kwa sababu mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye vioo na plastiki, na ukungu huo ni kazi kubwa kuutoa.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha hakuna filamu ndani. Zungusha taratibu kile kishikio cha kurudishia filamu. Kikiwa kizito na ukahisi kinavuta kitu, ndani kuna filamu, na huenda ni picha za mwisho za mzee wenu. Bonyeza kitufe cha chini ya kamera, rudisha filamu yote ndani ya kopo lake, ndipo ufungue mlango. Filamu hiyo itunze, inaweza kusafishwa na kutoa picha hata baada ya miaka mingi.

2. Andaa mahali. Meza yenye mwanga, kitambaa cheupe chini, dirisha wazi, feni imezimwa. Spiriti inashika moto haraka, basi usiifanye kazi hii jirani na jiko. Chagua siku kavu kama unaweza. Kati ya Desemba na Aprili mvua zikiwa zimeshika, gundi inasumbua.

3. Piga picha kwa simu kabla hujagusa chochote. Piga mlango mzima, vifereji vya juu na vya chini, upande wa bawaba, upande wa komeo, pembe zote. Angalia sponji inaanzia wapi na kuishia wapi. Kamera nyingi zina kipini kidogo karibu na kifereji cha juu ambacho mlango ukifungwa kinasukumwa, na ukifunguliwa kinarudisha namba ya picha kwenye mwanzo. Hapo sponji hukatika makusudi. Usipoliona hilo sasa, utaliziba baadaye. Pima pia upana wa kila kipande.

   Mwenye Zenit au kamera nyingine isiyo ya Kijapani, tazama kwanza. Ukikuta vifereji vitupu, vya rangi nyeusi kavu, bila mabaki yoyote, usidhani kuna kitu kimeng'olewa. Si kila kamera ilitengenezwa na sponji.

4. Kinga pazia la shata, lile lililo kwenye dirisha la filamu, linalofunguka na kujifunga picha inapopigwa. Hili ndilo jambo la kuogopa kuliko yote katika kazi hii. Pazia la kitambaa, kama la AE-1, K1000 na OM-1, linatoboka; la chuma, kama la FM, linapinda kwa kidole tu, na likipinda umepoteza kamera. Kata manila itoshee juu ya dirisha la filamu, ishikize kwa tepu ya karatasi kwenye mwili wa kamera, nje ya reli. Tepu isiguse pazia kabisa. Wala usijaribu kulifuta pazia eti ni chafu.

5. Kwangua kwanza pakavu. Shika kamera upande wa nyuma ukiwa umeelekea chini, ili takataka zidondoke mezani badala ya kuingia ndani. Chonga kijiti cha mshikaki kiwe bapa kama patasi, ukisukume kifereji kwa urefu wake. Toa mabaki kipande kwa kipande, futa kijiti, endelea. Usitumie bisibisi. Inakwangua rangi nyeusi, na chuma kinachong'aa ndani ya kamera kinarudisha mwanga kwenye filamu.

6. Lainisha yaliyobaki. Chovya pamba kwenye spiriti, ikamue mpaka iwe na unyevu tu, isidondoke. Ipitishe, subiri dakika mbili tatu, kisha kwangua tena. Usimimine spiriti kwenye kifereji hata siku moja. Ikitiririka itabeba uchafu hadi kwenye mashine ya ndani, na huko hutaifikia.

   Hapa ndipo watu wanapochoka mapema. Wanaona kifereji kimekuwa cheusi laini, wanasema kimetakata. Rangi ya kamera nayo ni nyeusi, kwa hiyo jicho linadanganya. Iamini pamba: pitisha pamba mpya yenye spiriti kila mahali, na isipotoka nyeupe rudia. Pembe za vifereji na upande wa bawaba ndizo zinazoficha mabaki, na ndizo zinazokuja kuvujisha. Kwa kamera iliyokaa pwani miaka 40, saa moja au mbili za kusafisha ni kawaida. Pumzika, kanywe chai, urudi. Mikono uioshe kwa sabuni kabla ya kugusa lenzi.

   Safisha pia ukingo wa mlango wenyewe, kwa sababu sponji iliyooza hujigawa: nusu inabaki kwenye kifereji, nusu inashika kwenye mlango. Sahani ya kubana filamu, ile bapa yenye springi iliyo mlangoni, ifute taratibu kwa pamba iliyo karibu kukauka.

7. Acha ikauke kabisa. Nusu saa mlango ukiwa wazi inatosha. Kisha pulizia kwa pampu ya mpira.

8. Jaza vifereji kwa uzi. Kata uzi mrefu kidogo kuliko kifereji. Anzia mwisho mmoja, ukiusukuma chini kwa upande butu wa kijiti, sentimita moja moja, bila kuuvuta. Uzi ukivutwa unakuwa mwembamba, halafu baadaye unajirudi na kuacha tundu mwishoni. Ukimaliza, uzi uwe chini ya mdomo wa kifereji, usichomoze. Gundi haihitajiki kwa urefu wote. Tone dogo la gundi nyeupe ya mbao kila mwisho linatosha, lililopakwa kwa ncha ya kijiti. Penye kile kipini cha namba, katiza uzi kama sponji ya kiwandani ilivyokatizwa.

   Funga mlango. Ukigoma kufunga, toa uzi uutumie mwembamba zaidi, au uchambue uzi huohuo upunguze nyuzi. Usiulazimishe mlango, komeo la kamera hizi ni dogo na likivunjika hulipati kirahisi.

9. Upande wa bawaba, weka mahameli. Hapa ndipo mwanga unapoingia zaidi, kwa sababu mlango na mwili vinaachana kidogo. Bandika tepu ya pande mbili nyuma ya utepe wa mahameli kwanza, ndipo ukate kwa wembe na rula, ili kingo zisimwage nyuzi. Kata kwa mkato mmoja, wembe umelala. Kwenye kamera nyingi kipande hiki kilikuwa na unene wa kama milimita 2, lakini fuata nafasi ya kamera yako.

   Kabla ya kubandika, jaribu kikiwa na karatasi yake ya nyuma. Kikikaa sawa, toa karatasi, lowesha upande wa gundi kwa unyevu kidogo wa maji kwenye kidole. Gundi yenye unyevu haishiki papo hapo, inakupa nafasi ya kukisogeza kwa kibano hadi kikae. Kikishakaa, kandamiza na kijiti, uache usiku mzima mlango ukiwa umefungwa.

10. Upande wa komeo, fuata picha zako za simu. Kamera nyingine zina kipande kidogo hapo, nyingine hazina. Kama hapakuwepo kitu, usiongeze. Kamera zenye kidirisha cha kuonea kopo la filamu mlangoni zina sponji kukizunguka. Hiyo nayo ibadilishe.

Sponji ya kioo

Sehemu hii ni ya kamera zenye kioo kinachoruka tu. Kama kamera yako huoni kupitia lenzi yenyewe, mfano Yashica Electro 35 au Canonet, ruka hapa.

Toa lenzi. Ndani, juu, upande wa mbele, utaona kipande cha sponji kinachopokea kioo kinapopanda. Kinapunguza kishindo, na pia kinasaidia kuziba mwanga unaotoka kwenye tundu la kuchungulia wakati picha inapigwa. Kikioza, kioo kinaweza kunata juu na kisirudi. Wengine wakifika hapo wanatangaza kwamba kamera imeharibika.

Nawaomba mwende taratibu sana. Kioo hiki si kama cha ukutani: kimepakwa tabaka la kuakisi upande wa mbele, hivyo kila unapokifuta unakikwaruza. Juu ya kioo kuna bamba la kuonea taswira, la plastiki au kioo chenye chembechembe, na spiriti ikiligusa inaweza kuliacha na doa la kudumu.

11. Kata karatasi laini, uilaze juu ya kioo na nyingine ikinge bamba. Shika kamera tundu la lenzi likiwa limeelekea chini muda wote.

12. Toa sponji kwa kibano na kijiti kikavu. Spiriti iwe ya mwisho kabisa, pamba ikiwa imekamuliwa mpaka karibu kavu.

13. Kata sponji laini kwa upana uleule wa zamani, bandika kwa tepu ya pande mbili. Mahameli na mpira wa ndala usiviweke hapa. Kimoja kinamwaga nyuzi, kingine ni kigumu mno kwa kioo.

14. Vuta wenzo wa filamu, weka shata kwenye B, ile alama inayoiacha wazi muda wote umebonyeza, kisha bonyeza na ushikilie. Kioo kinatakiwa kigote sponji kidogo tu mwisho wa safari yake. Kikizuiwa kabla hakijafika juu, sponji ni nene. Punguza.

Kupima kama mwanga umekoma

Usiku, zima taa zote. Washa ile tochi ndogo, iweke kwenye chumba cha kopo la filamu, mbali na pazia, funga mlango. Subiri macho yazoee giza, kisha izungushe kamera ukitazama kila mshono. Ukiona hata mstari mwembamba wa mwanga, weka alama ya chaki hapo.

Kisha pima kwa filamu. Weka filamu ya bei rahisi au iliyopita muda, funika lenzi, piga picha kadhaa huku kila baada ya picha umeiacha kamera juani dakika moja, upande mmoja mmoja: nyuma, kushoto, kulia, chini. Usizidishe. Jua la saa sita la Shangani ni kali, na kamera ikipata moto sana mafuta ya ndani yanatembea na kufika yasipotakiwa. Piga picha za kawaida kwenye zilizobaki ili filamu isiende bure. Filamu ikisafishwa, zile za lenzi iliyofunikwa zinatakiwa ziwe tupu kabisa.

Matatizo yanayojitokeza

Mstari bado upo. Tazama negativu yenyewe, yaani filamu iliyosafishwa, si picha iliyochapishwa. Doa likivuka hadi kwenye matundu ya pembeni ya filamu, au likiingia kwenye nafasi kati ya picha na picha, mwanga unatoka mlangoni. Rudi kwenye bawaba na pembe za vifereji. Doa likiishia ndani ya fremu tu, likirudi mahali palepale, mlango hauna kosa. Shuku pazia lililotoboka, na hilo ni la fundi wa kamera. Mstari ni mwekundu au wa machungwa kwenye filamu za rangi kwa sababu mwanga umepiga filamu kwa nyuma.

Mlango umekuwa mgumu, au upande mmoja umenyanyuka. Mahameli ya bawaba ni manene. Hii inasumbua kuliko inavyoonekana, maana mlango ulionyanyuka unavujisha upande wa komeo hata kama huko umeziba vizuri.

Namba ya picha hairudi mwanzo. Umeziba kile kipini. Kata uzi hapo.

Filamu inavuta kwa uzito. Uzi umechomoza na unagusa filamu.

Vitu vyeusi kama nywele vinaonekana pembeni mwa kila picha. Ni nyuzinyuzi zilizoingia kwenye dirisha la filamu. Fungua mlango, pulizia, ondoa kwa ncha ya kibano bila kugusa pazia.

Vidoa vyeusi unapochungulia, lakini picha ni safi. Ni vumbi la sponji kwenye bamba la kuonea. Halifiki kwenye filamu. Pulizia kwa pampu, na kisipotoka kiache.

Kioo bado kinanata. Kuna mabaki ya sponji ya zamani kwenye ukingo wa kioo chenyewe. Futa ule ukingo wa chuma tu, usiingie kwenye uso wa kioo.

Mahameli yamebanduka baada ya wiki. Chini yake bado kuna mabaki. Toa, safisha mpaka pamba itoke nyeupe, bandika kipya.

Ukishamaliza, usiirudishe kamera kwenye mkoba wake wa ngozi wa zamani. Ngozi inatunza unyevu, na kuvu huanzia hapo kuingia kwenye lenzi. Iweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya punje vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Kila mwezi, hasa kipindi cha mvua, itoe, vuta wenzo, bonyeza shata mara chache kwa kasi tofauti, na ufungue mlango upitishe jicho kwenye mahameli na uzi.